Simu ya Pili Chini ya Kiti

Jumatatu, 10 Novemba

Meneja wetu, Bwana Hartwig, ametuita sote saa tatu asubuhi. Nikajua mambo yameharibika. Mzungu huyu hatuiti pamoja ila kuna keki au kuna msiba, na keki sikuiona.

Amesema makao makuu huko Ulaya yamechoka. Duka hili lilipofunguliwa, Wachina walipanga foleni mpaka kwenye ngazi kununua magari yetu ya petroli. Sasa wanaingia kunywa maji na kwenda msalani. Gari letu jipya la umeme limekaa katikati ya ukumbi tangu Machi, tunalifuta vumbi kila siku kama sinia la harusi. Lisipouzwa hata moja kufikia Jumamosi, duka linafungwa.

Kibali changu cha kazi kimeandikwa jina la kampuni hii. Duka likifungwa, nami nimefungishwa virago. Baada ya miaka tisa Guangzhou! Katika umri wa miaka hamsini na minane! Nirudi Unguja nikalale wapi? Shemeji yangu amekwisha kukipangisha chumba changu.

Nimeuliza kwa nini gari letu halina friji, ilhali magari ya Kichina yana friji, yanaimba na yanajiegesha yenyewe. Bwana Hartwig amejibu kuwa makao makuu yameunda kamati. Kamati itakutana mwakani.

Nilipotoka nje, nani alikuwa amesimama mlangoni pa duka la ng'ambo ya barabara? Abdulrazak wa Kariakoo, muuzaji wa magari ya Kichina. Akapaza sauti juu ya honi zote za barabara ya Huanshi Zhonglu: Shikamoo, Mzee Ussi! Mimi na yeye tumepishana miaka miwili tu. Shikamoo ya rika lako si heshima, ni jiwe. Wachina wake wakacheka. Kiswahili hawakijui, lakini walicheka. Nani aliwafasiria?

Jambo jingine. Nimeona doa kwenye ukurasa wa shajara hii. Doa la ukwaju. Namshuku Chen, mwenzangu wa dukani. Ni kweli kwamba anayekunywa ukwaju hapa ni mimi peke yangu. Basi ameanza kuunywa kwa siri. Ni kweli pia kwamba hajui Kiswahili. Ndivyo anavyotaka nidhani.

Kuanzia leo siri nzito sitaziandika. Kila Mswahili wa hapa ana simu mbili, moja ya Wachina na moja ya nyumbani. Siri nitazisema kwa simu ya kwanza na kuzituma kwa simu ya pili. Simu ya pili inakaa ndani ya soksi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata mteja! Bi Zainabu, mwenye ofisi katika jengo la Tianxiu, msafirishaji wa viatu kwenda Dar es Salaam. Amechoka kugombea teksi kule soko la Zhanxi na mabunda mapajani. Anataka gari la umeme, na analitaka kabla ya Ijumaa, wageni wake wanapowasili. Nimemwambia aje Alhamisi.

Ameuliza kama gari letu linaamkia watu. La Abdulrazak, amesema, lilimsalimu hata kabla hajaketi. Kwa Kichina, lakini lilimsalimu. Hapo nikaona hatari. Namjua Bi Zainabu. Huliacha duka lenye viatu vizuri akaenda lenye salamu nzuri. Asipojuliwa hali, hafungui pochi.

Nimeamua kwenda kupeleleza. Nilivaa barakoa na miwani ya jua, nikavuka barabara, nikaingia kama mfanyabiashara Mkongo. Nikasema: Bonjour. Abdulrazak akaitikia: Bonjour, Mzee Ussi. Amebahatisha tu.

Akanikaribisha ndani ya gari. Kiti kikaanza kunikanda mgongo. Hakuna mtu nyuma, nimeangalia! Kikakanda mabega, kikashuka kiunoni. Nikafumba macho kidogo ili nisikilize vizuri.

Nimezinduka baada ya dakika arobaini. Nimefunikwa blanketi. Mkononi nina chungwa lililomenywa. Nani amenimenyea chungwa? Kwa nini?

Kiti kile kina dawa. Yapo na mengine, lakini hayo ni ya simu, na bado sijapata ujasiri wa kuyasema hata kwa simu.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango umekamilika. Hakuna kamati.

Nimenunua friji dogo pale Tianxiu, lile ambalo wanawake huwekea vipodozi. Nimelitia nyuma ya gari letu la umeme. Ndani yake nimepanga juisi ya ukwaju na kashata za nazi. Friji tunalo!

Sasa salamu. Gari letu linajua lugha sita za Ulaya, na katika zote husema jambo moja tu: funga mkanda. Basi nimerekodi salamu tatu kwa simu ya kwanza, kwa sauti ya puani ifanane na mashine, nikazituma kwa simu ya pili. Simu ya pili itafichwa chini ya kiti cha dereva, imeunganishwa na spika za gari. Bi Zainabu akisalimu, mimi kiti cha nyuma nabonyeza mara moja tu. Simu hiyo ikianza, hucheza ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho. Uzuri ulioje!

Kuunganisha kulinishinda. Chen alikuja akaimaliza kazi kwa dakika moja, wala hakuuliza ni kwa ajili ya nini. Mtu asiyeuliza kwa nini, anajua kwa nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi, hata sijafungua mlango, nimemwona Bi Zainabu akitoka duka la ng'ambo. Mkononi, mfuko wa machungwa! Abdulrazak anamsindikiza, wanacheka. Damu ikanichemka. Nikaingia msalani, nikatoa simu ya kwanza, nikaiambia yote. Yote! Hata yale ya Jumanne. Nikayatuma kunakohusika. Moyo ukatulia. Kisha nikaisukuma simu ya pili chini ya kiti cha dereva, nikakaa nyuma, mkono tayari.

Saa nne akaja. Buibui jipya. Bwana Hartwig alisimama kando na shada la maua, anatupiga video. Bi Zainabu akaketi, akaugonga usukani kwa pete: Assalamu alaikum, ewe gari. Nikabonyeza.

"Waalaikumu salaam, Bi Zainabu," likajibu gari. "Umeamkaje, mama? Viatu vinatoka?"

Akapiga kofi kwa furaha. Loo, akasema, kumbe lina wazazi wake hili! Akataka kujinyoosha, akabonyeza kitufe, na kiti kikarudi nyuma polepole. Mkono wangu ulikuwa chini yake.

Umenaswa! Simu naigusa kwa ncha ya kidole, kuizima siwezi. Salamu ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Kisha gari likakohoa, kama nilivyokohoa mimi msalani.

"Bi Zainabu nimemwona na machungwa ya watu. Mwanamke huyu kwa chungwa moja atauza ukoo mzima."

Bi Zainabu akaganda. Nikasema gari linatania. Gari likaendelea.

"Na lile la Jumanne naliungama. Kiti cha ng'ambo kimeniponya mgongo. Tangu siku ile nainama na kuinuka bila kumwita mama yangu. Ningekuwa na haja ya gari, ningenunua la Abdulrazak, nimejigubika shuka nisionekane. Hili letu ni zuri kwa kufutwa vumbi."

Yakasikika maji ya choo. Kisha, kwa sauti ya chini:

"Abdulrazak mwenyewe si mtu mbaya. Ila asisikie."

Bi Zainabu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaufuta wanja. Akasema: "Wewe Ussi wewe! Miaka kumi nanunua vitu katika mji huu, leo ndiyo mara ya kwanza bidhaa yenyewe kuniambia kweli." La machungwa, akaongeza, tutalizungumza siku nyingine, mbele ya watu wazima. Akafungua friji, akachukua kashata mbili, akavuka barabara. Adhuhuri alipita mbele yetu ndani ya gari la Abdulrazak. Alipiga honi.

Bwana Hartwig hakuelewa neno. Aliona mteja amecheka kwa machozi, akadhani ameenda benki. Amesema hatimaye gari letu limejifunza lugha ya watu, na video ameipeleka Ulaya. Sikumkatalia. Mkono ulikuwa bado chini ya kiti.

Ijumaa, 14 Novemba

Makao makuu yamejibu! Kwa miaka tisa sijaona barua yao ikifika kabla ya miezi mitatu. Hii imefika kwa siku moja. Wanauliza ni nani aliyeliruhusu gari kusema, na kwa fomu ipi.

Barua ya pili ilikuwa imeambatishwa. Duka linafungwa kesho. Nimeisoma mara mbili, kwa kuwa kitu kilinishtua. Ina tarehe ya Oktoba. Oktoba! Walikwisha kuamua kabla ya wiki hii kuanza. Hata Bi Zainabu angenunua magari kumi, duka lingefungwa. Nilisema tangu mwanzo kuna njama.

Nilimwendea Bwana Hartwig kumwambia kwamba namshuku. Nikamkuta amekaa ndani ya gari la umeme, peke yake, anakula kashata. Hata yeye hakujulishwa. Akasogea, nikaketi. Tukala mpaka zikaisha. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Novemba

Wamekuja watu na kanda za kunata. Chen ameagana nami kwa mikono miwili, akanipa kifuko cha kitambaa cha kuwekea shajara, alichokishona mwenyewe. Akaonyesha kwa ishara: isichafuke tena na kile kinywaji chako. Kwa hiyo aliliona doa! Nilijua.

Saa saba Abdulrazak akavuka barabara. Shikamoo. Sikuitikia. Akasema laoban wake, bosi Mchina, amemsikia Bi Zainabu akisimulia habari ya gari lililomsalimu kwa Kiswahili. Kampuni yao inapeleka magari Dar es Salaam na Mombasa. Wanatafuta sauti ya mtu mzima, yenye kujua kuamkia. Kibali changu watakihamisha wao kabla hakijaisha. Laoban atasikiliza sauti yangu Jumatatu.

Nikamwuliza anapata nini yeye. Akasema hapati kitu, ila mtaa bila mimi utapooza. Kisha akatazama chini, akasema Bi Zainabu amemweleza gari lilivyosema mwishoni.

Mtego! Nimekubali, ili nichunguze.

Jumapili, 16 Novemba

Abdulrazak amenionyesha meza yangu. Ameniachia ya dirishani, iliyokuwa yake. Yaani anataka kunitazama kutoka nyuma. Laoban amenitumia kikapu cha machungwa. Yote matamu. Hakuna kikapu duniani ambacho machungwa yake yote ni matamu.

Makosa ya Alhamisi nimeyapima kwa makini. Simu ya pili imekwisha kujulikana, kwa hiyo nimenunua ya tatu. Nimeitumia salamu sita safi kwa ajili ya kesho. Baada ya hizo, kwa kuwa ilikuwa mkononi, nimeiambia kila ninachomshuku Abdulrazak, na mawili matatu juu ya laoban.

Kesho saa tatu laoban ataketi katika gari, na wafanyakazi wote watazunguka kusikiliza. Mimi nitabonyeza kutoka mbali, kwa simu ya kwanza. Kosa kubwa la Alhamisi lilikuwa kuiweka simu karibu mno, mtu akaumia mkono. Hii nimeifungia ndani kabisa ya dashibodi, nikaikaza kwa skrubu nane. Hakuna mkono utakaoifikia.