Mfalme Afaye kwa Kijerumani

Jumatatu, 3 Machi

Neema imeshuka! Mhadhiri wetu wa Kijerumani ametangaza kwamba idara itaonyesha mchezo wa kuigiza kwa Kijerumani kitupu, na kila atakayesema jukwaani atasamehewa mtihani wa mazungumzo. Nilikaribia kulia. Mtihani huo nimeshaanguka mara mbili. Nikianguka tena, chuo kinaniaga. Na mama yangu, fundi cherehani, ameshawatangazia wateja wake wote kwamba mwanawe Kijerumani anakiongea kama anakunywa maji.

Kijerumani changu? Kusalimia naweza. Kuaga bado.

Nataka nafasi ya mfalme. Mfalme anakufa mwishoni, na anayekufa ndiye hupigiwa makofi. Tatizo ni Kamusi, mwanafunzi mwenzetu, mfupi, miwani mikubwa, anamsahihisha hata mhadhiri. Kila mtu anasema nafasi ni yake. Tutaona!

Jumatano, 5 Machi

Mambo safi. Nimejitolea, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mama atatushonea joho la mfalme. Mhadhiri akanishukuru mbele ya darasa zima. Akasema idara inahitaji watu kama mimi. Sikuona haja ya kumweleza kwamba mama amepima mwili mmoja tu, wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kamusi kavalishwa joho, kapotea humo ndani. Hatua ya kwanza akajikwaa, akaangusha kiti cha enzi, ambacho ni kiti cha katibu wa idara. Akaomba lipunguzwe. Nikasema haiwezekani, kitambaa kile ukikikata kinafumuka chote, mama amesema. (Mama hajasema.) Nikalivaa mimi. Limekaa!

Mfalme ni mimi. Kamusi kapewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waliosahau maneno. Aliniambia, bila hata kunitazama, kwamba joho halisemi. Wivu huo.

Jumanne, 11 Machi

Kumbe mfalme ana maneno mengi hivi! Nimezitazama zile kurasa, nazo zikanitazama.

Lakini mimi ni mimi. Nimemwambia mhadhiri kwamba daktari amenikataza kutumia sauti mpaka siku ya onyesho. Koo. Akanihurumia sana, akasema waigizaji wakubwa wote wanatunza koo. Kwa hiyo kwenye mazoezi yeye ndiye anayeyasoma maneno ya mfalme, mimi nachezesha mdomo na kupunga mikono. Simu yangu iko ndani ya joho, inarekodi. Nikifika chumbani nafuta sauti za wengine, naacha ya mhadhiri peke yake, naikariri yote kama mtoto anavyokariri hesabu za kuzidisha. Maana yake sijui, na sina haja nayo. Wengine wakinyamaza, ni zamu yangu. Mazungumzo ya dunia nzima ndivyo yalivyo.

Mhadhiri naye ana hisia, jamani! Kuna mahali anapaza sauti kwa hasira ya kweli kabisa. Pale nimepapenda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemeza yote. Hata kikohozi cha mhadhiri nimekikariri, kiko mahali pazuri, karibu na kifo.

Kamusi alibisha hodi, akataka tupitie maneno pamoja. Eti ananijali! Nikamwonyesha koo kwa kidole, nikafunga mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo hii nimeshonewa mimi.

Mama kapiga simu. Kesho anafunga duka aje kunitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa mgeni wa heshima, mwalimu mmoja, Mjerumani mwenyewe wa kuzaliwa. Pembeni yake mama, gauni jipya. Nilipotamka maneno ya kwanza tu, mgeni akainua kichwa. Ya pili, akatabasamu. Kamusi akaanza kuninong'oneza nyuma ya pazia, vitu tofauti kabisa na vyangu. Hila hiyo niliitegemea! Nikapaza sauti kumfunika. Akazidi, nikazidi. Nilipofika pale pa hasira nikafoka kwa nguvu zangu zote, na mgeni wa heshima akainuka, akaenda kufunga dirisha. Nadhani alisisimka mwili. Hiyo ndiyo sanaa!

Malkia alinitumbulia macho, akasahau maneno yake. Wageni wa jukwaa ndivyo walivyo. Kifo ndicho kilichonishangaza. Nilikohoa, nikasema neno la mwisho taratibu, nikaanguka, na mgeni akawa anafuta machozi ya kicheko. Wajerumani wana namna yao ya kuomboleza. Mama yeye alilia kweli. Akasimama kupiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama.

Baadaye mgeni alinifuata, akaniuliza kitu. Nikamjibu kwa sentensi niipendayo kuliko zote, ya katikati ya mchezo. Akacheka mpaka akashika meza. Mama alikuwa ananitazama kama ndio kwanza amenizaa.

Jumapili, 16 Machi

Kamusi kaja. Nikamfungulia, nikidhani anakuja kuniomba radhi.

Alikaa kitandani kwangu akanieleza nilichosema jana. Maneno ya mfalme yalikuwemo. Lakini mhadhiri, akisoma, alikuwa akitoa na maelekezo, na kukaripia watu, vyote kwa Kijerumani, na mimi sikuacha hata tone. Kwa hiyo niliingia nikatangaza kwamba mfalme anaingia kutoka kushoto akiwa na huzuni. Pale pa hasira nilifoka kwamba wewe wa nyuma, funga dirisha, kelele zimezidi. Malkia, kipenzi changu, nilimwambia ateme chingamu. Na neno langu la mwisho duniani lilikuwa: haya, hapa mfalme anakufa, twendeni tukanywe chai.

Nikamuuliza ile sentensi niliyomjibu mgeni. Ilikuwa: nani kachukua chaki yangu?

Nikamlaumu kwa kutonizuia. Akasema alijaribu mlangoni, akajaribu tena nyuma ya pazia.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimeshinda nimejifunika blanketi. Mama kapiga simu, anasema wateja hawataki hata kuzungumza habari za nguo, wanataka habari zangu. Niliazimia kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema hajawahi, tangu azaliwe, kuona ukumbi mzima ukisimama kumpigia makofi mtu wa kwao. Nikaufunga. Iliniuma, siwezi kudanganya.

Jumatatu, 17 Machi

Mhadhiri kaniita ofisini. Mgeni amesifu mno: hajapata kuona mchezo wa kisasa namna ile, mfalme anayejiamuru mwenyewe kufa! Mhadhiri kamwambia wazo ni lake. Sasa mhadhiri amealikwa kwenda kulielezea huko Ujerumani.

Nikasema hongera kwetu sote, basi mtihani nimesamehewa. Wapi! Akasema maneno yalikuwa yake, sauti yake, mpaka kikohozi chake. Kwa hiyo aliyesema jukwaani ni yeye, mimi nilikuwa redio tu. Mtihani ni Alhamisi. Mtahini ni yule mgeni. Ameomba mwenyewe, ananisubiri kwa hamu.

Jumanne, 18 Machi

Kamusi kajitolea kunifundisha mpaka Alhamisi. Anasema nina kumbukumbu ya ajabu, na mtu aliyekariri kikohozi hashindwi na Kijerumani, akikubali tu kujua anachosema. Kijana wa watu, na nilimfanyia ubaya wote ule. Nimemshukuru kwa dhati. Nimemshika na mkono.

Kisha nikaenda ofisi ya usajili. Kumbe anayehama lugha kabla ya mtihani hahesabiwi kuanguka! Tangu saa nne asubuhi mimi ni wa Kichina.

Mama kapiga simu kuuliza Kijerumani kinaendeleaje. Nikamwambia nimekimaliza. Nikamsikia akiwatangazia wateja, nao wakashangilia.

Idara ya Kichina nao wana mchezo mwezi ujao, wanatafuta jenerali. Nimejiandikisha. Lakini safari hii sikukurupuka. Nimeulizia kwanza: hakuna Mchina aliyealikwa.