Maziwa Yangu Mbele ya Wakwe

Leo nimeaibishwa na paka, nyumbani kwangu hapa Kitengela, wakwe wakiangalia.

Paka ni wa mjukuu wangu Silantoi. Alimleta jana kutoka Nairobi, na masharti kushinda mgonjwa wa sukari. "Koko," ndivyo ananiita mimi bibi yake, "kuku wa kuchemsha anakula. Samaki, toa miiba kwanza. Kitunguu hapana, chokoleti hapana. Na maziwa usimpe, yanamharibia tumbo."

Paka na maziwa. (Sijasoma, lakini niko na macho.) Nikamwambia ndiyo mama, nimesikia.

Leo watu wa kijana anayetaka kumwoa Silantoi wamefika kutoka Machakos kujitambulisha. Nikawamiminia maziwa ya kibuyu, kile nasafisha ndani kwa kijinga cha moto. Hayo maziwa nasifiwa nayo mpaka Kajiado. Mjomba wa kijana, mzee wa kanisa na viatu vimepakwa rangi vizuri, akachungulia kikombe.

"Mama, hii nyeusi nyeusi ni nini?"

"Ni mkaa. Ndio utamu."

"Aa. Utamu." Akashika kikombe kama amepewa mtoto wa mtu ameloa.

Wengine wote wanamngoja yeye. Na kwetu mgeni akikataa maziwa, amekataa nyumba, na msichana aliye ndani. Nikaita paka, nikamwekea kwa sahani. Akalamba mpaka ikabaki kavu.

"Mmeona? Paka hajui kudanganya," nikasema.

Kweli, hakudanganya. Tukiwa bado tunaulizana habari za mvua, akasimama katikati ya sebule, akakohoa, akatapikia mzee kiatu. Nyeupe, na nyeusi nyeusi yake.

Vikombe vikarudi mezani polepole, kwa heshima sana.

"Ni paka ndio hawawezi maziwa," Silantoi akasema, karibu alie. "Watu hayawadhuru."

Nani angemwamini? Nikachukua kikombe cha mzee, nikanywa. Nikachukua cha mke wake, nikanywa. Nikanywa vyote (na walikuwa wamekuja ukoo mzima, Mungu awabariki). Wakaniangalia vile walikuwa wanaangalia paka. Mzee akavuta miguu chini ya kiti.

"Mama, unasikiaje?"

"Vizuri," nikajibu, na nikabeua hadi jikoni wakasikia.

Wameondoka sasa hivi. Harusi iko, msiwe na wasiwasi. Wameomba tu, kwa upole, chakula cha siku hiyo wapike wao.