Vita vya Sola ya Leodgar Katika Mwalo wa Katonga

Sogeeni, enyi wa Ujiji na Ilagala, nanyi wa Kalinzi mlioshuka na kahawa yenu. Tueni mizigo, zimeni simu, msikie jinsi Leodgar, bwana wa pikapu ya bluu, mvumilivu wa kusukumwa, alivyopambana kwa siku moja na jua, na samaki, na mama mkwe, wala asikimbie.

Pikapu ile haikuwahi kuwaka kwa ufunguo mbele ya watu. Iliwaka kwa migongo ya watu. Na Bi Margareta, malkia wa dagaa, mama yake Frida ambaye Leodgar alitaka kumwoa, alikuwa ametamka mbele ya wavuvi na wachuuzi wa mwalo mzima: "Siku gari hilo litakapowaka lenyewe hapa mbele yangu, posa nitaipokea. Binti yangu haolewi akasukume."

Basi Leodgar akatafuta sola, akaifunga juu ya paa la pikapu kwa nondo na boliti, akateremsha nyaya dirishani mpaka kwenye betri, ili jua liijaze bila kubembeleza mtu. Jumamosi asubuhi akavaa koti jipya la posa, akasukumwa mpaka Katonga, akaegesha mbele ya chanja za Bi Margareta za kuanikia dagaa. Kisha yeye na mshenga wake, Mzee Oswald, wakaingia kibanda cha chai kulingoja jua lifanye kazi.

Lakini ole! Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, mitumbwi inarudi imejaa. Dagaa walifunika chanja, wakafunika mchanga, wakafunika mawe. Na mtu wa Katonga, siku za giza, akiona kitu kipana kilichoelekea jua, mkono wake hauulizi. Leodgar alipotoka kibandani, sola yote ilikuwa imelaliwa na jeshi la dagaa, wanang'aa kama mikuki, na taa ndogo ya kijani ya chaji imezimika. Na aliyewaanika ni Bi Margareta mwenyewe.

Mtu mwingine angewapangusa. Lakini anayeposa hagusi mali ya mama mkwe, wala hasemi naye uso kwa uso. Maneno yote hupita kwa mshenga. Leodgar akasimama karibu naye, akaligeukia ziwa, akanguruma:

"Mzee Oswald! Mwambie mama, kwa heshima zote, jeshi lake limefunga njia ya jua! Jua lisipokifikia kioo hiki, mimi nitazeeka bila mke!"

"Mama," akaanza Mzee Oswald, "kijana anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie kioo chake kinakausha kushinda chanja. Dagaa hawatoki."

"Mwambie ipo boneti! Pana, ya moto!"

"Boneti ina oili. Mwambie dagaa wa oili atakula yeye."

Wanawake wakacheka. "Shemeji, ita watu wasukume!" akapaza sauti Recho, jirani wa chanja. "Tumeshazoea!"

Leodgar akalitazama jua, likipita bure. Akamtazama Frida, aliyekuwa pembeni anageuza dagaa walewale, mara huku, mara huku, kama hamjui. Ndipo akatenda lile ambalo ulimi huchoka kulisimulia: akavua koti la posa, koti lisilowahi kunuswa na mtu isipokuwa fundi cherehani, akalitandaza juu ya boneti, bitana juu, mikono imenyooshwa kulia na kushoto.

"Mwambie mama, uwanja mpya huu hapa. Wahamie."

Bi Margareta akaja, akapapasa bitana, akanusa. "Mwambie linafaa."

Akalihamisha jeshi, wa mwisho wakalala kwenye mfuko wa kifuani. Mzee Oswald akaifuta sola kwa kofia yake. Taa ya kijani ikawaka.

Mchana kutwa shujaa akasimama na singlendi, akifukuza kunguru na mbwa, akililinda jeshi la adui juu ya koti lake mwenyewe. Jua lilipoanza kuinamia Kongo, akapanda, akashika ufunguo, akamtaja Mungu. Pikapu ikakohoa. Ikanyamaza. Akamtaja Mungu tena kwa sauti kubwa zaidi, na ndipo ikanguruma hata mitumbwi ikatikisika, ikatema wingu jeusi la moshi, likatua moja kwa moja kwenye chanja.

Bi Margareta akatupa ungo. Akamsahau mshenga, akamkazia macho Leodgar usoni:

"We mkwe! Zima gari, unanitilia moshi kwenye dagaa!"

Wanawake wakaacha kugeuza dagaa.

"Amemwita nani?" akauliza Recho.

"Mkwe," akasema Mzee Oswald, akavaa kofia yake yenye magamba. "Na mimi kazi yangu imekwisha."

Vigelegele vikapasua anga. Tangu Malagarasi ilipoanza kumwaga maji ziwani, hakuna ushindi uliofanana na huo, na wazee wa Ujiji sasa huhesabu miaka yao kabla yake na baada yake. Gari lenyewe halikusogea hata hatua moja, maana dagaa wa kwenye boneti walikuwa bado wabichi, na Bi Margareta alikataza wasitikiswe.