Kiti cha Bernice Juu ya Mnara

Jumatatu, 9 Septemba
Habari kubwa! Bernice Meloche anang'atuka. Misimu ishirini na miwili amekaa kwenye kile kiti cha turubai juu ya mnara wetu wa kutazamia ndege, Ziwa Erie kulia, kinamasi kushoto, akihesabu mwewe wanaohamia kusini. Leo katangaza kwamba mwisho wa wiki ijayo anamwachia mmoja wetu kiti, pamoja na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia. Mmoja wetu tunaojitolea kumsaidia, yaani mimi au Glenda Wiebe. Yaani mimi.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Kiwandani, miaka thelathini, kila jioni waliniuliza: pampu ngapi leo, Murray? Siku hizi mke wangu Lorna ananiuliza kama nimetoa takataka. Anayekaa kwenye kile kiti huulizwa na watu wote wa mnarani: wangapi leo? Kisha wananyamaza kumsikiliza. Nakitaka mpaka naona aibu.

Jumanne, 10 Septemba
Nimempikia Bernice pai ndogo za siagi, dazeni nzima, zimejaa zabibu kavu. Akaitazama moja kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Akasema kwa upole kwamba kwao, kutia zabibu kwenye pai ya siagi ni kutukana wazazi. Glenda akafungua kopo lake. Pai zile zile, hazina hata zabibu moja! Bernice kala tatu.

Zangu nimezila mwenyewe garini. Zote. Naandika haya nimejiinamia.

Jumatano, 11 Septemba
Leo akili ilifanya kazi. Mwewe hawezi kumwona bundi akampita kimya. Lazima ashuke amgombeze. Basi nimenunua bundi wa plastiki, nikamfunga kwenye mti mrefu upande wangu wa mnara. Ndege wote waje kwangu kwanza, Glenda abaki na shakwe.

Saa tatu akaja kozi mmoja mdogo, mkali. Akapiga mara moja tu. Kichwa cha bundi kikaruka, kikatua kwenye supu ya Bernice. Hakuja mwingine mpaka jioni. Bundi asiye na kichwa hamkeri mtu.

Alhamisi, 12 Septemba
Majaribio! Kila mmoja wetu kapewa kidude kwa saa moja. Glenda: mwewe arobaini na mmoja. Mimi: tumbusi sitini na watatu, maana nao huhesabiwa! Nilijizuia nisicheze.

Bernice akauliza kama kuna aliyepungukiwa unyoya bawa la kushoto. Nikajibu kwa fahari kwamba wote walipungukiwa.

“Basi ni Harold huyo, bwana,” akasema. “Haendi popote. Anakaa hapa hapa nyuma ya maegesho. Umemhesabu mara sitini na tatu.”

Glenda alicheka mpaka akashika ukingo wa mnara. “Maskini Harold, kazungushwa mpaka kapata kizunguzungu!” Nilicheka pia, kidogo, ili isijulikane kwamba nimeumia.

Jumamosi, 14 Septemba
Siku kubwa i karibu, ile siku moja ya msimu ambapo mwewe wa mabawa mapana hupita kwa maelfu, wakizunguka hewani kama uji unaokorogwa. Atakayekuwa ubavuni mwa Bernice siku hiyo, kiti chake. Kwa hiyo lazima Glenda awe mbali.

Nimempigia simu. Nimemwambia kuna mwewe mweupe pepepe kaonekana kule mashamba ya nyanya, mwendo wa nusu saa kutoka ziwani. Akasema, “Kweli? Asante sana, jirani! Ningekuwa mimi, nisingemwambia mtu.” Kuna kitu kimenichoma kifuani. Labda bado ni zile pai.

Jumapili, 15 Septemba
Upepo! Sikuangalia upepo! Hata watoto wa huku wanajua: upepo wa kaskazini huwasukuma mwewe mpaka ufukweni, juu ya vichwa vyetu. Wa kusini huwapeleka ndani, mbali na ziwa. Leo umevuma wa kusini.

Saa nne simu ya Bernice ikalia. Glenda, anapiga kelele. Mbingu imejaa juu ya nyanya, amefika elfu kumi na moja na bado wanakuja, njooni wote, acheni kila kitu! Bernice ana miaka sabini na minne. Leo nimemwona akishuka ngazi mbili mbili. Ila mnara haujawahi kuachwa mtupu mchana wa msimu. Akauliza nani atabaki. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mwenyewe! Hakunisukuma mtu!

Nikakaa kwenye kiti. Kidude mkononi. Saa saba nzima. Mwewe wanne. Harold sikumhesabu, naomba ijulikane.

Jioni wakarudi, shingo zimeungua na jua, wanaongea wote kwa pamoja. Bernice alikuwa analia na kucheka. Hakuna aliyeniuliza wangapi.

Jumatatu, 16 Septemba
Glenda kapewa kiti. Bernice hakungoja hata hiyo wiki iishe. Alisema mhesabuji mzuri akiona mbingu imejaa, kwanza huwaita wenzake.

Halafu Glenda akasimama akasema shukrani ni zangu, mimi ndiye niliyemtuma kule, jicho langu kwa upepo si la mchezo. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo. Ningefanyaje?

Bernice akanivuta pembeni, akauliza yule mweupe alikuwa wapi. Nikasema alikwisha ruka. Akasema Glenda hupumzika Jumanne, kwa hiyo Jumanne zitakuwa zangu. Nimeapa mbele ya Lorna kwamba kuanzia sasa ni ukweli mtupu. Kaniuliza kama nimetoa takataka.

Jumanne, 17 Septemba
Kiti changu! Kutwa nzima, mvua nyepesi, mwewe wawili. Wawili ni wawili. Nilikuwa tayari kabisa kusema wawili.

Saa kumi na moja watu wakapanda mnarani, makoti yamelowa, kumi na watano hivi, na Bernice nyuma yao. Mmoja akauliza, “Haya Murray, wangapi leo?” Wote wakanyamaza. Wakanitazama mimi. Miaka minne tangu nistaafu nimekingoja kimya hicho.

Juu ya maegesho Harold alikuwa anazunguka taratibu.

“Sabini na wanane,” nikasema.