Neno la Siri la Mama Shekina

Jumatatu, 6 Oktoba
Kaye yangu, daftari langu la siri, jambo. Bwana yangu, Baba Athanase, hajambo, ni mgongo tu. Watoto: Dan hajambo. Joëlle hajambo, kikohozi kimepungua. Shekina hajambo, tumbo limeshuka, mjukuu wangu wa kwanza yuko njiani. Hata kuku hawajambo. Roho juu ni yangu! Kule kliniki, mtaa wa Panda, ninaandika wagonjwa na zamu kwa mashini, ile kompyuta. Sasa Dokta Théophile anataka kila mtu achague neno lake la siri la kuifungua. Mwenye mashini yake kufunguliwa na mwingine anarudi kwa ufagio. Ufagio! Niliushika miaka sita. Sirudi. Nimeweka jina la mtoto wangu wa kwanza. Nani atalijua?

Jumanne, 7 Oktoba
Jina langu liko kwa zamu ya Jumamosi! Clotilde wa famasi ameingia kwa mashini yangu, amenipa zamu yake. Nikamuuliza amejuaje. Akajishika mbavu: "Weye Mama Shekina! Likasi yote inakuita hivyo, hata mwenye kuuza mukate!" Dokta hajasikia. Asante Mungu.

Jumatano, 8 Oktoba
Neno jipya, gumu, hata mimi ninalisahau. Nimeliandika, nimekunja karatasi mara tano, nimelitia kwa sanduku la maombi parokiani. Mungu alichunge. Clotilde ataiba kwa Mungu?

Jumapili, 12 Oktoba
Kumbe wanakunjua! Arlette, msomaji wa misa, alikohoa kwanza, kisha kwa sauti kubwa: "Tuombee Bukari Saba Ndakala." Parokia nzima ikaombea ugali wangu na dagaa: "Ee Bwana, utusikie!" Clotilde aliitika kuliko wote. Akaliandika neno kwa kiganja chake.

Jumatatu, 13 Oktoba
Dokta ameniita mbele ya wote. Clotilde alimfungulia mashini yangu ili ajionee mwenyewe! Nimelia. Dokta amesema hii ni mara ya mwisho: kesho asubuhi neno jipya, lisiwe la chakula, lisiwe jina ambalo watu wananiita. Nikaitika.

Na leo Shekina yuko maternité, anajifungua! Akili imenijia mbio. Nitaweka jina la mjukuu. Hakuna mtu analijua, mwenyewe bado hajazaliwa! Binti ni Princesse, kijana ni Ricky. Jirani Rosalie tayari anauliza watu watuite nani sasa, sisi babu na bibi: Kambo wa nani? Nimemwambia atulie, kesho nitamtangazia kwanza yeye, kisha kliniki yote.

Wanangu wa maternité, mutume habari mbio: ni binti ao kijana? Mashini inaningojea.