Kurunzi Yangu na Hicho Kichwa

Jumatatu, 4 Novemba

Limeletwa sanduku. Kubwa, jeusi, la magurudumu. Ndani mna taa ya jukwaani yenye shingo na kichwa kinachojigeuza chenyewe. Kwa mujibu wa karatasi yake inafanya kila kitu: inatoa mwale mwembamba, inamwaga nuru jukwaa zima, inachora majani ukutani, inabadili rangi. Kupika tu ndiko hawakuandika. Nimeipa jina Kichwa.

Dottoressa Zanasi, mkurugenzi wetu, akaniita ofisini. Akasema kampuni imetuazima Kichwa wiki mbili tukijaribu, na kwa kuwa mimi ndiye fundi umeme mkongwe kuliko wote katika ukumbi huu wa maonyesho wa Castelrovere, mimi ndiye nitakayekipa alama. Fomu ina vifungu kumi na viwili. Kikifaulu, kurunzi yangu kubwa ya roshani ya juu inakwenda stoo, na mimi nakwenda chumba cha makoti, kupokea makoti ya watazamaji.

Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kurunzi ile nikiwafuata waimbaji kwa mkono. Leo naambiwa nijaze fomu! Ni kumpa jogoo akague kisu. Nimemwambia Dottoressa nitatenda haki, nikatia saini. Chumba cha makoti wakitafutie mtu mwingine.

Jumanne, 5 Novemba

Kifungu cha kwanza: kelele. Nimeazima kipima kelele kwa askari wa manispaa, kile wanachopimia mabaa. Kichwa kikageuka huku na huku, namba haikupanda. Sikupendezwa. Wakati wenzangu wamekwenda kula nikakifungua tumbo, nikatia konzi mbili za dengu kavu.

Saa nane nikawaita wote wasikie. Kikalia kama kayamba. Nikasikitika mbele yao kwa kadiri ya uwezo wangu. Pedrazzi, bwana wa meza ya taa, huyu anayeendesha taa zote kwa vidole viwili bila kuinuka kitini, akachukua bisibisi na kumwaga dengu mezani. Akaniuliza, "Mzee Ivanoe, hizi za supu au za kupanda?"

Kisha akaenda kupima kurunzi yangu. Namba iliyotoka siiandiki hapa. Feni yake ina umri, haina kosa. Dottoressa akajaza kifungu mwenyewe: tisa kwa kumi.

Alhamisi, 7 Novemba

Kifungu cha nne: uzito na urahisi wa kukitundika. Hapa nilikuwa na uhakika. Nikakishika, nikakiinua kidogo, nikalia "mgongo!" na kujilaza sakafuni. Mpango ulikuwa watu wanne waitwe, ndiyo nami niandike kwamba kinahitaji watu wanne na daktari.

Hakuitwa mtu. Pedrazzi akaniruka, akakikumbatia Kichwa, akapanda nacho kwenye lifti ya mafundi na kukifunga kwa kulabu mbili huku anakula mkate wa mortadella, soseji nene ya nguruwe. Dakika sita. Mimi nikabaki chini dakika ishirini zaidi, maana kuinuka mapema kungeleta maswali. Alama: nane. Mortadella yake ilinidondokea usoni.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepata! Katikati ya bakuli la tortellini, tambi za kujazwa nyama. Nikaacha kijiko, supu ikapoa, sikujali.

Zambarau. Ndiyo rangi ya Kwaresima, na zamani Kwaresima ikifika kumbi zote zilifungwa, waigizaji wakalala njaa. Tangu hapo mwigizaji wa nchi hii akiona zambarau jukwaani ni kama ameona jeneza. Nimewahi kuona mwimbaji mzima akimrudisha mtazamaji mmoja nyumbani kubadili shali ya rangi hiyo. Na Signora Fiammetta Orlandelli, nyota wa mchezo wetu wa nyimbo, utakaofunguliwa Jumapili ijayo, anazidi wote. Hata biringani hali.

Na Kichwa kinatengeneza rangi yoyote ukikiambia. Yoyote.

Jumanne, 12 Novemba

Ushindi.

Signora Fiammetta amefika na kundi lake kwa mazoezi. Nimemmulika huyu mama kila msimu kwa miaka kumi na tisa, najua hata anapovuta pumzi. Pedrazzi alipokwenda kunywa kahawa nikaingia kwenye meza yake, nikatafuta wimbo wa sehemu ya pili, nikatia wekundu na samawati, vingi.

Akaanza kuimba. Kichwa kikageuka taratibu, kikammwagia zambarau kuanzia nywele hadi viatu. Kila mtu akatafuta chuma cha kugusa ili kufukuza mkosi. Mpiga tromboni akagusa tromboni yake, kisha akatoka nayo nje. Signora akatazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ama kitu kile kitoke, ama atoke yeye, na yeye koti lake liko karibu.

Pedrazzi akaapa kwa roho ya mama yake kwamba si yeye. Mama yake yu hai, anauza maua pale sokoni. Nikajaza kifungu cha saba, rangi: sifuri. Nimeizungushia duara. Jioni nimekunywa divai mpya na njugu za kuchoma, nikajipongeza kwa sauti.

Jumatano, 13 Novemba

Amekuja Injinia Bonvicini wa kampuni. Nilidhani kaja na sanduku kukichukua Kichwa. Alikuja na kompyuta.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka yote wanauza taa, mafundi wanawaandikia habari za vifungo na nyaya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria zambarau. Akakaa mchana kutwa anabonyeza. Sasa Kichwa hakiwezi kutoa zambarau hata ukikipigia magoti. Ukikiomba kinatoa rangi ya waridi. Watatia hivyo katika taa zote za kuuzwa nchini. Akaniuliza jina langu la ukoo linaandikwa kwa R ngapi.

Signora Fiammetta akapanda lifti ya mafundi, akakipapasa Kichwa shingoni. Akasema hatimaye ameona taa yenye adabu. Pedrazzi alicheka mpaka akahitaji kiti, na kiti anacho daima.

Dottoressa akaifuta sifuri yangu. Kumi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mazoezi ya mwisho ya mavazi. Fomu inatakiwa saa kumi na mbili jioni. Kimebaki kifungu cha kumi na mbili: maoni mengine. Hapa ndipo pa kukimaliza. Nimeandika kurasa mbili, mbele na nyuma, kwamba Kichwa kinavutia popo. Nimeeleza aina za popo. Nimechora mmoja.

Nilipokuwa namchora mabawa, Signora alifika kwenye wimbo wa sehemu ya pili. Pale sauti inapopanda akapiga hatua mbili kushoto, kama anavyofanya siku zote akiguswa na wimbo. Kichwa, kinachokwenda pale tu kilipopangiwa, kikabaki kinamulika kiti kitupu cha jukwaani. Akaimba nusu ubeti gizani. Pedrazzi akamwambia asimame kwenye alama ya utepe wa gundi sakafuni. Signora akamjibu kwamba yeye si bahasha ya kubandikwa. Dosari ndogo ndogo hizo sikuziandika. Nafasi yote imeliwa na popo.

Nimemkabidhi Dottoressa. Pedrazzi akasoma juu ya bega lake, akasema Novemba popo wamelala. Nikamwambia wataamshwa.

Jumapili, 17 Novemba

Wastani: tisa. Asubuhi kurunzi imeshushwa stoo, na mimi nikapewa ufunguo wa chumba cha makoti. Onyesho saa tisa na nusu mchana. Nimepokea makoti mia mbili na kumi. Watu walinitazama wakauliza, Ivanoe, nani yuko juu? Nikasema hakuna mtu.

Sehemu ya pili ilipoanza sikuvumilia. Nikafunga chumba cha makoti, nikapanda ngazi za roshani ya juu na tochi yangu ya mfukoni. Nikasimama palepale. Sakafu bado ina matundu manne ya skrubu za kurunzi yangu.

Sauti ikapanda. Hatua mbili kushoto. Kichwa: kiti. Nikawasha.

Ilikuwa nuru ndogo ya manjano, imechoka kabla ya kufika, lakini ilimkuta usoni. Akainua macho mpaka kwangu, na ubeti wote uliobaki akaniimbia mimi. Watu wakapiga makofi kabla ya mwisho. Nililia. Ningeizima hapo ningekuwa shujaa.

Sikuizima. Nilimfuata nyimbo tatu zaidi. Kisha nikaona nimwonyeshe Pedrazzi nani ni nani, nikamulika macho yake, nikapitia kwa kiongozi wa orkesta, naye akapoteza ukurasa, na wapiga fidla wakaenda upande wao. Walinzi wawili walinishusha.

Dottoressa alinisubiri ukumbini nyuma. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa nini habari ya hatua mbili haikuwa kwenye fomu. Nikasema popo walichukua nafasi. Akasema, "Ivanoe, ungeandika hilo moja tu, kurunzi isingetoka."

Jumatatu, 18 Novemba

Dottoressa ameniita tena. Signora Fiammetta amegoma kuimba Jumamosi bila mtu juu. Dottoressa anataka karatasi moja ya kupeleka kwenye bodi ya ukumbi kabla ya saa sita mchana: mstari mmoja wa kweli, saini yangu, basi. Kichwa kibaki kwa jukwaa, kurunzi irudi kwa Signora, mimi nirudi kwa kurunzi.

Nimeandika: "Signora hapigi hatua mbili kwa kukumbuka, hupiga kwa moyo, na Kichwa hakiwezi kujua hilo." Nikausoma. Ulikuwa mzuri. Lakini ulikuwa peke yake, mnyonge, katikati ya karatasi nyeupe. Bodi ile ina wanasheria wawili! Nani atauamini?

Nikauongezea nguvu. Hatua mbili nimezifanya tisa. Nimeandika kwamba Signora alitumbukia shimoni kwa wapiga ngoma na kuokolewa na mimi. Nimeambatanisha ushahidi wa watu watatu, kwa kalamu tatu tofauti, wa tatu akiwa marehemu Guerrino aliyekuwa akichora mandhari ya jukwaani, maana saini yake ndiyo ninayoiweza vizuri. Alifariki Machi, lakini kila mtu alimheshimu.

Nilikabidhi saa sita kasoro dakika tano. Nikateremka stoo, nikaipangusa kurunzi, nikaitia mafuta shingoni.

Simu imelia sasa hivi. Dottoressa anasema bodi ingependa kuzungumza na Guerrino. Nimemwambia amesafiri, lakini atapatikana kwa maandishi.