Mshahara wa Kocha Umekuja kwa Miguu

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya chuo kizima, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya mke wangu. Nawaandikia nyie niliosoma nanyi Tabora kabla habari haijawafikia kwa treni, maana abiria wa kutoka Mpanda hubeba maneno kuliko mizigo. Afadhali mnisikie mwenyewe.

Nianze na chanzo. Mnajua chuo chetu cha ualimu ni kidogo, na mimi hapa ni mwalimu wa siasa, katibu wa tawi la chama, tena kocha wa mpira. Kazi mbili za kwanza zina heshima. Ya tatu haina hata filimbi (naazima ya mwalimu wa zamu). Mwaka juzi tulikuwa na mwalimu wa hisabati, mzungu wa kujitolea kutoka Marekani. Siku moja tukinywa chai akatuambia kwamba kwao kocha wa mpira wa chuo, ule mpira wao wa kubeba mikononi, hulipwa kuliko hata mkuu wa chuo, na kila akishinda huongezewa. Wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Mimi nikatoa hotuba nzima juu ya ubepari. Kisha nikaenda nyumbani, nikalala chali, nikawaza: kila akishinda?

Wazo lile lilikaa tu kichwani mpaka Skola, mke wangu, alipojifungua mapacha. Sasa wana miezi saba. Maziwa ya mama yao hayawatoshi, uji mtupu wanautema, na maziwa ya kopo dukani huadimika wiki hadi wiki. Nilitaka ng'ombe. Mmoja tu, mwenye maziwa, nimfunge nyuma ya nyumba, Skola aamke amkute. Kununua? Mshahara wa mwalimu mnaujua, nanyi mnapokea huo huo.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Luhende. Ni Msukuma, kaja na mifugo yake kutoka Shinyanga, kaweka boma ng'ambo ya kijito nyuma ya uwanja wetu. Mwanawe Masele ni mwanachuo wetu na ndiye mshambuliaji wa kati. Mzee mpira haujui sana, lakini mashindano anayajua, kwani kwao ngoma mbili hushindanishwa mpaka moja ikimbiwe na watazamaji. Wiki iliyopita nilimfuata nikamweleza mambo ya Marekani (sehemu ya ubepari niliiruka). Akasikiliza, akachorachora chini kwa fimbo, tukapatana. Tukiifunga timu ya jirani zetu wa Shanwe leo, ng'ombe na ndama wake. Kila bao letu, mbuzi. Kila bao lao, mbuzi anarudi. Tukishindwa, napalilia mahindi yake siku nzima. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba iwe kimya kimya. Akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni mtu wa Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga. Kwetu zawadi ya maana huletwa ndani ya kikapu, imefunikwa kitambaa, kupitia mlango wa uani, na jirani akiuliza unamwambia ni majani ya maboga. Sikujiuliza wenzetu wafugaji hupeana vipi. Ng'ombe haenei kwenye kikapu.

Leo asubuhi nilikuwa na kipindi cha siasa. Somo lilikuwa miiko ya uongozi. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili, darasa likarudia mara tatu. Dominiko, golikipa wetu, kijana wa kuuliza maswali mpaka kengele ilie, akataka kujua kama mshahara ukilipwa kwa kitu badala ya fedha nao unahesabika. Nikamjibu kwa ukali kwamba mshahara ni mshahara, hata ukiwa kuku. (Mungu alikuwa anasikiliza.)

Saa tisa tukawa uwanjani. Nsemulwa yote, mtaa wetu, ilikuwepo, na Shanwe walikuja na ngoma zao. Mkuu wa chuo alikaa mezani na mgeni rasmi, ndugu mmoja kutoka ofisi ya chama wilayani, mtu mpole wa miwani. Skola naye alikuja, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Nikampungia mkono kwa madaha. Nilijiona nimeshakuwa Mmarekani.

Hata jasho halijatutoka, Masele akafunga bao la kwanza. Uwanja ukalipuka. Nami niliruka, na nilipotua nikamwona Mzee Luhende anakuja pembeni ya mstari, hana haraka, anavuta mbuzi.

Akamfunga kwenye mguu wa benchi langu.

"Mzee," nikanong'ona, "si tulisema baadaye?"

"Bao limeingia sasa," akasema, akarudi zake.

Mkuu wa chuo akageuza shingo. Nikamwashiria kwamba ni mbuzi aliyepotea, namhifadhi tu. Akaitikia kwa kichwa kunisifu kwa uangalizi mwema. Baada ya muda Masele, ambaye siku nyingine hukosa goli lililo wazi, akafunga la pili kwa kichwa. Mbuzi wa pili akaja. Nikamwashiria mkuu kwamba huyu anamtafuta mwenziwe. Safari hii mkuu hakunisifu.

Nikaanza kuyaogopa mabao yangu mwenyewe. Niliona kabisa hesabu ya jioni: mabao sita, benchi linageuka zizi. Nikasimama nikapiga kelele vijana warudi nyuma wote, walinde. Walinde nini, wakati tunaongoza na Shanwe wamechoka? Wakanitazama kama nimepandwa na homa, lakini wakatii. Matokeo yake Shanwe wakaamka. Kipindi cha pili kilipoanza tu, wakafunga.

Mzee Luhende akaja, akamfungua mbuzi mmoja, akaondoka naye.

Hapo watu wakaelewa. Kicheko kilianzia upande wa akina mama, kikazunguka uwanja kama moto wa nyasi. Kuanzia hapo hakuna aliyehangaika na ubao wa matokeo. Waliochelewa kufika waliuliza ngapi ngapi, wakaonyeshwa benchi langu. Shanwe wakasawazisha, na mbuzi wa pili naye akachukuliwa huku umati ukimsindikiza kwa makofi. Mbuzi mwenyewe alilia njia nzima. (Nami nilitamani.)

Sasa nikabaki sina mbuzi, sina ng'ombe, na kesho kutwa jembe la Mzee Luhende linaningoja. Nikamtazama Skola. Pacha wa kifuani alikuwa ananyonya kidole chake mwenyewe, kwa bidii, akidhani ataambulia kitu. Moyo ukaniuma kweli. Nikaisahau meza ya wageni, nikawapigia vijana kelele waende mbele wote, hata mabeki. Zimebaki dakika chache, mpira ukapigwa kutoka kwa Dominiko, ukadunda mara moja, Masele akaufuata, akafunga la tatu. Filimbi. Tumeshinda.

Sikuruka. Nilikuwa natazama kule kwenye kijito.

Walikuja watano, watu na mifugo. Mbele Mzee Luhende, nyuma yake ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kizito, kisha ndama, kisha mbuzi wangu mmoja aliyesalimika, na mwisho mke wa mzee, Mama Kabula, akipiga vigelegele. Hawakuja kwenye benchi. Walikata katikati ya uwanja moja kwa moja mpaka mbele ya meza ya mgeni rasmi. Mzee akainua fimbo, watu wakanyamaza.

"Ng'ombe hii," akatangaza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kundi, "mama yake ilitembea toka Shinyanga. Ni mshahara ya mwalimu wa mpira. Tulipatana akishinda nampa, na ameshinda. Nyie wote mmeona. Mwalimu, njoo useme mbele ya watu kama unapokea."

Nikaenda. Miguu ilinipeleka yenyewe. Mgeni rasmi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kwa upole kama nimesikia sawasawa na yeye, kwamba ni mshahara. Mkuu wa chuo alikuwa anachunguza kucha zake. Kisha nikaona mkono umenyooshwa juu, kama darasani. Dominiko, bado ana tope magotini, anaomba ruhusa kuuliza swali. Sikumruhusu. Akauliza hivyo hivyo.

"Mwalimu, huu ni wa kwanza au wa pili?"

Ndugu zangu, kijana yule hakuwa na dhihaka hata chembe. Alitaka kuelewa somo. Lakini uwanja mzima ulisikia, na wale wa darasa la asubuhi wakaanza kuikariri ile sentensi ya ubaoni, kwanza chini chini, halafu kwa kuimba, na Shanwe wakawapigia ngoma. Mimi katibu wa tawi nimesimama katikati, upande mmoja ng'ombe, upande mwingine Azimio na miiko yake. Nikafanya alichofanya kila mwoga tangu dunia iumbwe. Nikasema uongo mzuri.

Nikasema ng'ombe huyu ni wa chuo. Nilipatana na mzee kwa niaba ya chuo, kwa ajili ya mradi wa kujitegemea.

Mzee Luhende akanikazia macho. "Ya chuo?"

"Ya chuo, mzee."

Akafikiri kidogo, kisha akageukia watu, akainua fimbo tena, akatangaza upya kwamba ng'ombe ni ya chuo na nyie wote mmesikia. Basi. Imekwisha. Kwao ng'ombe akishatamkwa mbele ya mashahidi habadilishwi. Makofi yalipigwa mpaka ndama akakimbia. Mgeni rasmi akasimama akahutubu, akasema laiti angepata wilaya nzima walimu watano tu wa namna yangu. Mkuu wa chuo naye hakukubali kupitwa. Akatangaza kwamba maziwa yataingia jiko la wanachuo, mbuzi ataliwa na timu jioni hii hii, na kwamba mimi, kwa moyo huo wa kujitolea, nitajenga banda kuanzia Jumatatu na kumlisha ng'ombe kila siku. Watu wote walishangilia isipokuwa mmoja. Skola alikuwa amesimama palepale, ananitazama. Alikuwa ameshaelewa kila kitu, pamoja na yale mapatano niliyokuwa nimemficha.

Watu walipoanza kutawanyika Mzee Luhende alinifuata, akaniuliza kwa uchungu kwa nini nimeikataa ng'ombe yake. Nikamkumbusha kwamba tuliagana iwe kimya kimya.

"Nimenyamaza wiki nzima," akasema. "Hata mke wangu sijamwambia. Lakini nikupe ng'ombe bila watu kuona, kesho si wanakuita mwizi?"

Kumbe mtu alikuwa ananilindia jina.

Nikarudi nyumbani, nikakuta Skola hayupo. Nikakaa kwenye kigoda, nikawa napanga nitakayomwambia. Nilipanga hotuba tatu, zote mbaya. Jua lilipokuwa linashuka nikamwona anakuja kutoka upande wa kijito. Mama Kabula yuko naye, kambebea pacha mmoja, na Skola ana kibuyu kichwani. Mama Kabula akanisalimia, akaangua kicheko, akaomba radhi, akaangua tena, akaenda zake. Skola akatua kibuyu, akamimina. Maziwa, jamani. Meupe, yana povu.

Nikamuuliza ameyatoa wapi.

"Kwa Mama Kabula. Nimeomba."

"Umeomba tu?"

"Nimeomba tu, baba Kulwa. Kasema niwe napita kila asubuhi. Tena kanigombeza. Anasema miezi saba anawasikia watoto wanalia huku ng'ambo, anangoja tuje tuombe, hatuji. Akaona labda nyie watu wa mpunga hamnywi maziwa."

Kisha akaketi kuwanywesha, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, tena alicheka mpaka akanipa mimi kikombe nimshikie.

Kwa hiyo msinionee huruma, na msicheke kupita kiasi. Nyumba yangu ilikuwa na midomo minne ya kuomba maziwa: miwili haijaota meno, mmoja ulikuwa unaningoja mimi, na wa kwangu ulikuwa unafundisha kujitegemea.